PIPA HILI LILIBEBA NINI?

Somo: 2 Wafalme 4:1–7

Nazungumza nanyi kutoka hapa Ngoliba, mashariki ya Thika.

Huku kwetu mto Athi u karibu, na wageni huja kutazama maporomoko ya Fourteen Falls. Lakini mto huo umekwisha kupokea maji ya mto Nairobi pamoja na taka zake. Kuyaona maji si kuwa na maji ya kunywa. Mvua twaipata kwa misimu miwili, Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba. Katikati yake ardhi hukauka, na akina mama hutembea na mitungi.

Hesabu ya mvua si ngumu. Milimita moja ikinyesha juu ya mita mraba moja ya bati ni lita moja ya maji. Paa la mita 8 kwa 5, likipata milimita 20 usiku mmoja, hutoa lita 800. Hata tukiondoa moja ya tano kwa yale yanayopotea, zabaki lita 640. Hayo ni mapipa matatu ya lita 200, yamejaa kabla jogoo hajawika. Asiye na vyombo huyatazama yakienda zake.

Basi nikaanza kukusanya mapipa makuukuu. Matatu yalikuwa yamebeba mafuta ya kupikia na maji ya matunda. Niliyaweka juu ya mawe imara, maana pipa lililojaa lina uzito wa kilo 200 na zaidi. Nikayaunga kwa mpira upande wa chini ili yajae pamoja, na juu nikafunga wavu kuzuia mbu.

La nne nililipata karibu bure. Nikaliosha kwa sabuni na majivu mara tatu. Mama watoto akainama, akanusa, akauliza neno moja tu: "Baba, pipa hili lilibeba nini?"

Nikanyamaza. Nilijua. Lilikuwa la dawa ya kunyunyizia mimea, na karatasi yake nilikuwa nimeibandua kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikasema moyoni, basi, silitumii, nitaliuza. Jioni ile ile akaja jirani yetu, mama mjane, ameshika pesa zake katika kitambaa. "Mchungaji, nasikia una pipa la ziada."

Wapendwa, mnakumbuka habari ya yule mjane aliyemlilia nabii Elisha. Mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha akamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena vingi. Mafuta yalitoka kwa Mungu, lakini vyombo vilitoka kwa majirani. Je, kama jirani mmoja angempa chombo chenye sumu? Muujiza wa Mungu ungeharibikia katika mkono wa jirani. Na jirani huyo, jioni ile, ningekuwa mimi.

Nilimwambia, "Nenda nyumbani, mama, nitakuja kesho." Sikulala vizuri. Asubuhi nikalitoboa pipa lile chini na ubavuni, asije mtu mwingine akalitumia. Kisha nikafungua moja katika yale matatu mazuri, nikampelekea. Mvua ilipokuja, kwangu yalijaa mawili tu, na mengine yakamwagika mbele ya macho yangu. Sikuyalilia.

Ndugu msikilizaji, ukinunua pipa, uliza lilibeba nini. Muuzaji asipojua, liache. Mvua inapoanza, maji ya kwanza yanayosafisha paa yaache yapite, na ya kunywa uyachemshe.

Lakini jiulize na wewe mwenyewe. Mapipa yaliyoungwa kwa chini, sumu ya moja huwa ya yote. Ndivyo nyumba zetu na makanisa yetu yalivyo. Baba akificha chuki, watoto huinywa. Mzee wa kanisa akificha udanganyifu, washirika huunywa. Twaweza kubandua karatasi ya nje, tukapendeza siku ya Jumapili, na harufu ikabaki ndani.

Hapa mfano wangu unafika mwisho, na nafurahi kwamba unafika mwisho. Pipa lile halikuwa na dawa, ilinibidi kulitoboa. Lakini mwanadamu anayekubali kusema mbele za Mungu alibeba nini, huyo hatupwi. Damu ya Kristo husafisha pale ambapo sabuni na majivu havifiki.

Na tuombe. Ee Baba, unayenyesha mvua juu ya mabati yetu sote, tupe moyo wa kukiri tuliyoyaficha. Tusafishe ndani, utufanye vyombo ambavyo jirani aweza kunywa kwavyo bila hofu. Wakumbuke wajane na wote wasio na maji leo. Katika jina la Yesu. Amina.