Ukurasa Usomwe kwa Sauti

Mheshimiwa Mkuu wa chuo, waheshimiwa walimu, baba na mama mliotoka mitaa ya Katuba, Kenya, Ruashi na Kamalondo kuwasindikiza watoto wenu, nanyi ndugu zangu mnaomaliza kozi ya uandishi:

Kuitwa mgeni rasmi hapa Lubumbashi, mji ulionilea, ni heshima kubwa kwangu.

Mimi pia nilipita katika kozi kama hii yenu. Watu huniuliza ilinipa nini. Ilinipa subira ya kurudi kwenye ukurasa uleule. Tena ilinipa swali moja: mwalimu wetu alikuwa akipiga mstari chini ya sentensi, kisha anauliza, "Nani anasema haya?" Nilitoka darasani na cheti mkononi, na swali hilo likatoka nami.

Wakati huo nilikuwa na hadithi ya mchimbaji mmoja na familia yake katika kambi ya mgodi. Jioni moja nilimsomea mama yangu, naye akichambua lengalenga. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaniuliza, "Huyu baba, posho yake inatoka siku gani? Na mke wake anapanga mstari na nani?" Mama aliishi kambini. Kwake yeye, siku ya kugawa unga na maharage ndiyo iliyopanga mwezi mzima. Nikaketi kuandika upya. Wanawake wakaingia na mifuko yao, karani wa ghala akapata jina la utani, ukazuka ugomvi wa nani aliyetangulia. Wazazi mlioko hapa, maswali yenu ya jikoni ni masomo. Msiwanyime watoto hawa.

Mji wetu una ushahidi mzuri kwamba watu wa jikoni ni walimu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, kwa niaba ya waliokuwa watumishi katika nyumba za wazungu, wale walioitwa maboi. Aliipa kichwa cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini maandishi ya ndani ni Kiswahili chetu cha Katanga, yamepigwa taipu bila kujali kanuni za tahajia. Mtaalamu Johannes Fabian alipotaka kuitafsiri, kuisoma kwa macho hakukumfikisha mbali. Ilibidi Kalundi Mango, aliyekizungumza Kiswahili hiki, aisome kwa sauti. Iliposikika, ikaeleweka. Kitabu chao kilitoka mwaka 1990.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Watu waliopika, waliofua na kulea watoto wa wakubwa waliamua kwamba historia ya mji huu haitasimuliwa na wenye nyumba peke yao. Mimi nawahesabu miongoni mwa walimu wangu wa uandishi, na nasikitika kwamba kijana anaweza kusoma fasihi hapa mjini miaka mingi bila kusikia jina la Yav.

Swali la mwalimu wangu lilimshughulisha pia msomi mkubwa wa mkoa wetu. V. Y. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, akafundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi katika miaka ya 1970. Kitabu chake cha mwaka 1988, The Invention of Africa, kinachunguza ni nani waliosema juu ya Afrika, na kwa elimu ya nani. Alifariki Marekani mwezi Aprili 2025. Naye Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1981, aliandika Tram 83 kwa Kifaransa na kuitoa Paris mwaka 2014. Huko Austria anakoishi, husoma kazi zake jukwaani pamoja na wapiga saksafoni. Ukimsikiliza, unajua kwamba sentensi zile ziliandikwa ili zipite kinywani.

Sisi husoma shuleni kwa Kifaransa, lakini hununua sokoni, hugombana na kulilia wafu wetu kwa Kiswahili. Sisemi mwache Kifaransa. Nasema hivi: lolote mtakaloandika, lugha yoyote, lisomeni kwa sauti mbele ya mtu asiyewadai alama. Akichoka, mtamwona. Akiuliza, jibuni kwa kalamu.

Mheshimiwa Mkuu wa chuo, ninayo maombi mawili. La kwanza, maandishi ya Yav yaingie katika kozi ya mwaka ujao, na wazee wa mitaa waitwe kuyasoma darasani. La pili ni la sasa hivi. Nimepewa heshima ya kugawa vyeti. Naomba kila anayeitwa asome kwanza ukurasa mmoja wa kazi yake, na wazazi waruhusiwe kumwuliza swali. Tutachelewa kula, mniwie radhi. Wa kwanza katika orodha aje mbele na karatasi zake.