Stima Inapita Juu Yetu, Tufanyeje?
Hotuba ya Kamati ya Fedha katika Harambee ya Mwaka



Kamati ya Fedha tumepewa dakika chache kabla ya bahasha kuanza kupita. Hatutasoma hesabu za mwaka, kwa kuwa ziko ndani ya kijitabu hiki na zimekaguliwa. Tunataka kuzungumzia upepo, jua na mvuke wa ardhini, na mahali tunaposimama sisi watu wa kusini mwa Marsabit katika biashara hiyo.

Tuanze na upepo, kwa sababu ni wetu. Unaovuma kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru umewasumbua wachungaji tangu enzi za mababu. Leo upo mradi wenye mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850. Zidisha mwenyewe, utapata megawati 310. Mitambo ilikamilika mwaka 2017, lakini laini ya kusafirisha umeme, kilomita 428 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, ilikamilika Septemba 2018. Kwa muda huo wote upepo ulivuma bure, na serikali ikadaiwa fidia ya umeme ambao haukufika kwa mteja. Sisi wahasibu tunalitaja jambo hilo mara kwa mara, maana linafundisha kwamba mtambo bila waya ni gharama tupu.

Wengi wenu mnauliza: kwa nini nyaya zipite juu ya maboma yetu na watoto waendelee kusomea koroboi? Jibu la kifundi ni kwamba laini ile ni ya kilovolti 400. Huwezi kuchomoa waya hapo ukawasha balbu. Inahitajika stesheni ya kupunguza nguvu, kisha laini ndogo za kwenda vijijini, na maboma yetu yametawanyika. Serikali tutaendelea kuidai haki hiyo. Ila mama anayejifungua usiku wa leo hawezi kusubiri stesheni ijengwe.

Sasa tuwaangalie wenzetu. Olkaria, karibu na Naivasha, mtambo wa kwanza wa mvuke ulianza kazi mwaka 1981. Kisima huchimbwa hadi kwenye mwamba wa moto, mvuke hupanda na kuzungusha mtambo mchana na usiku, upepo uwepo usiwepo. Garissa, jirani zetu, wana shamba la sola la megawati 50 lililofunguliwa Desemba 2019. Kajiado, kule Kipeto, kuna mradi wa upepo wa megawati 100, na wenye ardhi waliingia mikataba ya kukodisha mashamba yao wenyewe. Kinangop nako mradi wa megawati 60 hivi ulikufa mwaka 2016 baada ya wakazi kuupinga kwa sababu ya ardhi.

Ukiiweka miradi hii kwenye safu mbili, ya faida na ya hasara, utaona kwamba tofauti haikuletwa na nguvu ya upepo wala ukali wa jua. Kipeto, mwenye shamba alikaa mezani akiwa na hati yake mkononi. Kwetu, ardhi ilikuwa ya jamii bila karatasi. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru ikasema kwamba hati za ekari 150,000 hazikutolewa kwa kufuata sheria. Uamuzi ulipatikana wakati mitambo imekwisha kusimama. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Sheria sasa zipo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa mwekezaji na jamii si halali mpaka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii waukubali mkutanoni. Sheria ya Nishati ya 2019 inasema mrabaha wa mvuke wa ardhini ugawanywe hivi: asilimia 75 serikali kuu, asilimia 20 kaunti, asilimia 5 jamii ya mahali hapo. Kifungu hicho ni cha mvuke, hakitaji upepo. Kwa hiyo sisi wa upepo ngao yetu ni mkataba, na mkataba unahitaji jamii iliyosajiliwa: daftari la wanajamii, katiba, na kamati ya watu saba hadi kumi na watano.

Ndiyo sababu kamati inaomba fedha za mwaka huu ziende mahali patatu.

Kwanza, sola ya zahanati. Taa kwenye chumba cha kujifungulia, na friji ya chanjo, ambayo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Friji ikizimika siku moja ya jua la kwetu, chanjo zinamwagwa, na mama aliyetembea tangu alfajiri akiwa na mtoto mgongoni anarudi mikono mitupu.

Pili, usajili wa ardhi ya jamii. Kazi hii haina kibao cha kuzindua wala utepe wa kukata. Ni nauli za wazee, chakula cha mikutano, fotokopi, na ada ya wakili wa kusoma karatasi kabla mtu hajaweka kidole gumba. Tunajua si rahisi kuichangia, kwa kuwa huwezi kuipiga picha. Lakini wawekezaji wa upepo na jua watakuja tena, na safari hii watukute tumekaa pamoja, Mrendille, Msamburu na Mturkana, tukiwa na daftari moja.

Tatu, karo ya vijana wawili, msichana na mvulana, wasomee ufundi wa sola hadi wapate leseni. Fundi akitoka Isiolo, nauli yake peke yake hula fedha za matengenezo.

Hapa tuseme neno la kihasibu. Paneli hudumu miaka mingi, betri hazidumu hivyo. Mahali pengi kaskazini utaona paneli zinang'aa juu ya paa huku chini ni giza, kwa sababu betri zilikufa na hakuna aliyeweka akiba. Tunapendekeza katika kila shilingi 100 za sola, shilingi 15 ziingie akaunti ya pembeni ya betri, yenye watia sahihi watatu, mmoja akiwa mama kutoka nyumbani. Fedha hizo zisiguswe kwa shughuli nyingine, hata iwe na uzito gani.

Wapo ndugu waliotuambia tungojee stima ya serikali, tusipoteze fedha. Tumewasikiliza. Stima ikifika, tutaipokea kwa vigelegele, na paneli zitabaki kuwa akiba siku ikikatika. Isipofika karibuni, angalau zahanati itakuwa na taa. Kwa hesabu zetu, kungoja ndiko ghali zaidi.

Makisio yote yako ukurasa wa mwisho. Yasomeni, yahojini, kisha mchange. Anayetaka stakabadhi, na tunaomba kila mmoja aitake, meza yetu iko mlangoni upande wa kulia, na hatutaondoka mpaka wa mwisho apate yake.