Minara ya Husuni Ndogo: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Kutus



Kwa kuwa wengi wenu ni mafundi wa mawe, nimeona niwahadithie habari za Kilwa Kisiwani, katika pwani ya Tanzania, ambako Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, alijenga kasri la Husuni Kubwa, na karibu yake pana Husuni Ndogo, boma la ukuta mnene lenye minara pembeni na ubavuni, lenye sura ya ngome ilhali hapana maandishi yaelezayo lilijengwa kwa kazi gani.

Mwanaakiolojia Bwana Neville Chittick, alipoyafukua magofu ya Kilwa, hakuchimba kama achimbaye msingi, bali aliondoa udongo tabaka kwa tabaka na kuandika mahali vigae na sarafu vilipolala, kwa maana kitu king'olewacho pasipo kuandikwa mahali pake ni shahidi aliyekatwa ulimi.

Kutengeneza nako kuna adabu yake. Saruji, ijapokuwa ndiyo tegemeo letu leo, ni ngumu kuliko tumbawe, jiwe la magofu hayo, tena hufungia unyevu na chumvi, hata jiwe likamomonyoka na kiungo kikabaki. Ndiyo sababu mafundi wa magofu hurejea chokaa. Mnara uliobaki nusu huzibwa nyufa na kukingwa na mvua, wala hauinuliwi hadi kimo cha kubuni. UNESCO iliitia Kilwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikaitoa mwaka 2014 baada ya kazi ya namna hiyo.

Huenda mtu akauliza, ya pwani yatuhusu nini sisi wa mlimani, hapa Kirinyaga? Tangu 1954 watu wa Kirinyaga walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vya hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, vyenye mahandaki na minara ya Homugadi, yaani walinzi wenyeji wa serikali ya kikoloni. Lakini minara ile ilikuwa ya miti, na mahandaki hufukiwa na majembe, basi ushahidi uliosalia umo zaidi vifuani mwa wazee. Wanafunzi mliotayarisha maonyesho haya ya mambo ya kale, waendeeni upesi, waliofungiwa ndani na walioshika lango kadhalika, mwandike walisemalo bila kuliongezea kimo.

Kwa nasaha hiyo, natamka kuwa maonyesho haya yamefunguliwa rasmi.