Nani Ameketi Mbele? Okestra Katika Nchi Yenye Vurugu

Mhadhara wa umma uliotolewa Mutomo, Kitui Kusini



Kuna kauli ninayotaka kuipinga jioni hii, nami nitaipinga kwa urefu, kwa sababu imeota mizizi hata miongoni mwa wasomi wa muziki. Kauli yenyewe ni kwamba muziki hauna upande. Pelekeni okestra mahali palipomwagika damu, wanasema, fidla zilie, watu wakae pamoja, na mioyo italainika yenyewe. Mwenzangu mmoja aliisema hivyo katika semina, kwa unyofu kabisa, tulipokuwa tukijadili kama okestra ya vijana iletwe huku kwetu, ambako kiangazi kikipamba moto wakulima na wafugaji wa ngamia hugombania maji na malisho hadi watu wanapoteza maisha. Wote waliokuwapo waliitikia kwa vichwa. Niliondoka nikiwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyozaa mhadhara huu.

Nianze na simfonia ya saba ya Dmitri Shostakovich. Habari za kuzingirwa kwa Leningrad mnazijua, sitazirudia. Tarehe 9 Agosti 1942, mji ukiwa umezingirwa tangu Septemba ya mwaka uliotangulia, Karl Eliasberg aliiongoza okestra ya redio kuipiga simfonia hiyo. Mazoezi yalipoanza, waliobaki na nguvu za kushika ala walikuwa kama 15 tu. Wengine walikuwa wamekufa kwa njaa, na wapuliza tarumbeta ikabidi waombwe kutoka kwenye vikosi vya jeshi. Jeshi liliipiga kwanza mizinga ya Wajerumani ili inyamaze, kisha vipaza sauti vikaupeleka muziki barabarani na hadi kwenye mahandaki ya adui. Waliosikiliza ukumbini walikuwa na njaa ile ile ya waliokuwa jukwaani.

Sasa tusogee hadi tarehe 21 Agosti 2008. Simfonia ni ile ile. Mahali ni Tskhinvali, Ossetia Kusini, mbele ya jengo la bunge lililoungua, siku chache baada ya vita vya Urusi na Georgia. Valery Gergiev ameleta okestra ya Mariinsky kutoka St Petersburg. Televisheni ya Urusi inaonyesha moja kwa moja. Wanajeshi wapo, akina mama wenye mishumaa wapo. Wasiokuwapo ni Wageorgia wa vijiji vya jirani, waliokuwa wamekimbia huku nyumba zao zikichomwa moto. Noti ni zile zile alizoandika Shostakovich. Kama muziki wenyewe ungekuwa na uwezo wa kupatanisha, ungeupoteza wapi kati ya 1942 na 2008?

Mtaniambia nimechagua mfano mmoja mbaya. Basi chukueni wimbo unaotajwa kuliko wote panapotajwa undugu wa binadamu, ule wa mwisho wa simfonia ya tisa ya Beethoven. Aprili 1942 Wilhelm Furtwängler aliuongoza Berlin katika sherehe za kuzaliwa kwa Hitler. Nao utawala wa walowezi wa Ian Smith, uliojitangazia uhuru mwaka 1965 ili Waafrika wasitawale, uliutwaa muziki huo huo mwaka 1974 na kuufanya wimbo wa taifa wa Rhodesia. Ndugu zetu wa Zimbabwe walipigwa risasi chini ya bendera iliyopandishwa kwa muziki wa Beethoven. Anayesema muziki hauna upande amesema kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo hatari: kwa kuwa hauna upande, aliye na jukwaa, umeme na bunduki huupa upande anaoutaka yeye.

Palmyra, Syria, ni mfano uliofikia kilele. Tarehe 5 Mei 2016 Gergiev huyo huyo alipiga muziki katika ukumbi wa Kirumi ambamo mwaka uliotangulia wapiganaji wa Dola ya Kiislamu waliwaua wafungwa mbele ya watazamaji. Bach alipigwa, Prokofiev akapigwa, na Rais Putin akahutubia kwa njia ya video. Niliitazama rekodi yake kwa makini, si kwa ajili ya wanamuziki bali kwa ajili ya viti. Niliona magwanda mengi, maofisa, waandishi wa habari na wageni wa heshima. Wenyeji wengi wa Tadmur, mji wenyewe ulio kando ya magofu yale, walikuwa wameshakimbia. Desemba mwaka huo huo wapiganaji waliuteka mji tena, na mapema 2017 sehemu ya ukumbi ule ikaharibiwa. Silaumu okestra kwa hilo, lakini waliopigiwa muziki hawakuwa wakaaji wa pale, kwa hiyo hakuna aliyebaki nao.

Hapa lazima nipime kwa haki. Gergiev si mgeni kwa Waosetia. Amekulia Vladikavkaz, huko Ossetia Kaskazini, na uchungu wake kule Tskhinvali sina sababu ya kuutilia shaka. Tena kuna Ramallah, ambayo inanisumbua zaidi. Daniel Barenboim na Edward Said walianzisha okestra ya West-Eastern Divan mwaka 1999, vijana wa Kiisraeli na wa Kiarabu wakishiriki mimbari moja ya noti, na Agosti 2005 okestra hiyo ikapiga Ramallah. Waisraeli walipita kwa pasipoti za kidiplomasia za Uhispania, na muziki ulipokwisha waliondolewa haraka. Kwa kipimo changu, onyesho la watu wasioweza kulala pale walipopiga lina upungufu mkubwa. Hata hivyo Wapalestina walijaa ukumbini, katika mji wao, nao waliwaona vijana wa Israeli wakiwa wameshika kitu kisichokuwa silaha. Barenboim mwenyewe amekataa mara nyingi kuiita okestra ya amani. Amesema ni kazi ya kupambana na kutojuana. Namheshimu kwa kukataa huko kuliko kwa Beethoven yake.

Basi, kipimo changu ni kipi? Ni mtazamaji. Sisi wanazuoni wa muziki tumezoea kusoma noti, kisha tunamsoma mtunzi, kisha mwongozaji, na msikilizaji tunamwachia mwuza tiketi. Mimi nashikilia kwamba mahali penye vurugu onyesho huamuliwa na mambo matatu yasiyoandikwa kwenye noti: nani ameketi mbele, nani amezuiwa getini, na nani atalala pale baada ya taa kuzimwa.

Ushahidi ninaoupenda kupita wote umo katika filamu ya hali halisi ya mwaka 2010, Kinshasa Symphony, ya Claus Wischmann na Martin Baer, nanyi mtaniwia radhi nikikaa nayo kidogo. Inahusu okestra ya Wakimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, yule nabii aliyefungwa na Wabelgiji mwaka 1921 na kufia gerezani huko Lubumbashi mwaka 1951. Diangienda alikuwa rubani aliyepoteza kazi. Mji wa Kinshasa ulikuwa umeporwa na wanajeshi wake wenyewe mwaka 1991 na tena 1993. Fidla zilikuwa chache, watu wakapokezana. Uzi ukikatika, waya wa breki za baiskeli ulifungwa mahali pake. Rais Mobutu akaanguka mwaka 1997, vita vikaanza tena 1998, na okestra ikabaki Kinshasa kwa sababu haikuwa na kwingine kwa kwenda. Hapo ndipo ninaposimama kwanza.

Filamu inawaonyesha wakiipiga simfonia ya tisa, ile ile ya Berlin na ya Rhodesia. Mapigo machache kabla ya sehemu ya mwisho, umeme unakatika. Giza. Nao wanaendelea kupiga. Mmoja wa wapiga viola ni kinyozi, naye pia ndiye fundi umeme wa okestra. Anaiweka ala chini na kwenda kushughulikia nyaya. Niliionyesha filamu hiyo hapa Mutomo, katika ukumbi wa kanisa, kwa jenereta. Picha ilipozama gizani, ukumbi mzima uligeuka kumtazama kijana wa jenereta, naye akakimbilia nje kuangalia mafuta. Muziki ulipoendelea, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa ameketi karibu na mlango, mchezaji wa kilumi tangu ujana wake, alianza kupiga makofi taratibu, na wenzake wakamfuata. Hakuuliza Beethoven ni nani. Katika kilumi, ngoma ya kuomba mvua na kuponya, hakuna kiti cha mgeni wa heshima: aliyefika ithemboni, mahali pa matambiko, amefika kwa sababu mvua imemkosesha chakula kama ilivyomkosesha mpiga ngoma. Aliwatambua watu wa Kinshasa kwa kigezo hicho. Niliyaandika makofi yale katika daftari langu la utafiti, nami nayahesabu kuwa ushahidi.

Kuna watakaosema okestra ni kitu cha Wazungu, haifai Mutomo. Hoja hii sitaipa muda mwingi. Watu wa Mombasa walizichukua bendi za tarumbeta na kuzifanya beni tangu miaka ya 1890, makundi ya Kingi na Scotchi yakashindana mitaani; mwanahistoria Terence Ranger ameyaandika hayo vizuri mwaka 1975. Unguja ilikuwa na kikundi cha Ikhwani Safaa kuanzia 1905, na fidla za taarabu hazikuomba ruhusa kwa yeyote. Vijana wa Ghetto Classics wanapiga Korogocho, karibu na jaa la Dandora, tangu 2008, mwaka ambao Kenya ilitoka kuchinjana kwa ajili ya kura. Ala ni ya anayeishika.

Hoja nzito zaidi ni ya mkulima wa Mutha, hapa jirani, anayesema: tupeni maji kwanza. Simjibu kwa kumwambia muziki ni chakula cha roho, nitakuwa namtukana. Mabwawa yachimbwe, mpaka ulindwe, waliouawa watendewe haki. Okestra haiwezi kufanya kazi ya serikali, na anayeileta ili serikali isiulizwe amefanya walichofanya kule Palmyra. Ila mkulima huyo na mfugaji wa kutoka upande wa Tana wana jambo moja wasilolipata katika mabaraza ya usalama: nafasi ya kukaa saa moja wakitazamana bila mmoja wao kuwa mshtakiwa. Sidai watapatana. Nadai wataonana, na kila mmoja atajua kwamba mwenzake naye alialikwa.

Kwa hiyo nimependekeza haya kwa walio na nia ya kuleta okestra ya vijana Mutomo. Onyesho lifanyike uwanjani sokoni, siku ya soko, bila tiketi na bila hema la wageni wa heshima. Mfadhili aketi nyuma. Wanamuziki walale vijijini si usiku mmoja, nao wawafundishe vijana wa pande zote mbili kushika upinde wa fidla kabla ya kupiga chochote. Wapiga ngoma wa kilumi wawe na nafasi yao katika ratiba, si ya kulaki magari ya wakubwa. Nimeshauriwa nisubiri mvua za Novemba, mambo yatulie kwanza, wafugaji wakiwa wamerudi kwao. Nimekataa. Novemba nusu ya watazamaji hawatakuwapo. Lifanyike Septemba, ngamia wakiwa wamefika na mabwawa yakiwa yamekauka, na ulinzi upangwe na wazee wa pande zote mbili.