Ukuta wa Saruji na Uimara wa Nyumba

Ukuta wa matofali ya saruji hauliwi na mchwa, hauozi wala haushiki moto. Mvua za masika, ambazo humomonyoa ukuta wa udongo kuanzia chini karibu na msingi, huuacha ukuta wa saruji ukiwa imara.

Hata hivyo, saruji peke yake haitoshi. Tetemeko la ardhi la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi za udongo na za matofali yasiyofungwa kwa nondo. Kinachozishika kuta zote pamoja ni lenta: mkanda wa zege lenye nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha.

Ubora huanzia kwenye tofali lenyewe. Lililofyatuliwa kwa saruji kidogo, likikwanguliwa kwa msumari, humwaga mchanga. Baada ya kufyatuliwa, tofali humwagiliwa maji kivulini kwa siku 7 au zaidi, kwani saruji hukomaa kwa maji, si kwa jua. Mafundi wenye haraka huiruka hatua hiyo. Mchanga wa baharini haufai, maana chumvi yake huzitia kutu nondo za lenta.