Geti la Nyumbani Likaguliwe Kabla Halijaanguka

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa kata kuhusu usalama wa makazi



Katika nyumba nyingi, geti ndicho kitu kizito kuliko vyote vinavyosukumwa kwa mkono kila siku, na mara nyingi mkono wenyewe ni wa mtoto. Bati la paa likivuja, mwenye nyumba humwita fundi siku hiyo hiyo. Geti hulia kwa miezi, hukwama, husukumwa kwa bega, na hakuna anayejiuliza lina nini.

Uzito wake unaweza kukadiriwa. Bapa la chuma lenye unene wa milimita 1 lina uzito wa karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo geti lenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2, likifunikwa kwa bapa la milimita 2, huwa na kilo zipatazo 125 za bapa peke yake. Hiyo ni mifuko miwili na nusu ya saruji, kabla ya kuhesabu fremu na mapambo. Mtu mzima akiangukiwa na mzigo huo hawezi kujinasua kwa urahisi. Mtoto hawezi kabisa.

Geti la kusukuma kwenye reli ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Magurudumu ya chini hubeba uzito, lakini hayawezi kulizuia lisilale. Kinacholishika wima ni rola za juu zilizofungwa kwenye nguzo au ukutani. Kinacholizuia lisitoke katika rola hizo ni kizuizi cha mwisho wa reli, ambacho mafundi hukiita stopa. Stopa ikikosekana au ikikatika, geti likisukumwa kwa nguvu hupita mwisho wa safari yake, hutoka katika rola na kulala chini, juu ya aliyekuwa akilisukuma.

Kwa sababu hiyo, kila kaya yenye geti la aina hii inashauriwa kulikagua mara moja kwa mwezi. Kazi hiyo ifanywe na mtu mzima, watoto wakiwa mbali.

Kwanza, stopa. Ziwepo pande zote mbili, geti linapoishia kufunguka na linapoishia kufunga, nazo ziwe zimechomelewa au kufungwa kwa bolti imara. Jiwe au tofali lililowekwa mwisho wa reli halihesabiwi kuwa stopa, kwa kuwa husogea.

Pili, rola za juu. Mkaguzi atazame kama zinazunguka, kama bolti zimelegea, na kama sehemu zilizochomelewa zina ufa. Geti linaloyumba sana ndani na nje linaposhikwa limekwisha kupoteza mshiko wake. Lisisukumwe tena mpaka fundi alitazame.

Tatu, reli na magurudumu. Mvua hujaza mchanga na tope kwenye reli, gurudumu likapanda juu ya uchafu huo na kuacha njia. Reli ifagiliwe, na mchanga uzolewe badala ya kusukumiwa mtaroni, ambako huziba njia ya maji ya majirani wote. Grisi ipakwe kwenye beringi za magurudumu. Reli yenyewe ibaki kavu, kwani grisi iliyo wazi hunasa mchanga.

Nne, kutu. Hushambulia zaidi sehemu ya chini inayorukiwa na maji, na katika maeneo ya karibu na bahari huenda kwa kasi zaidi kwa sababu ya chumvi iliyomo hewani. Ikwanguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya juu ifuate. Rangi iliyopakwa juu ya kutu huificha tu, chuma kikaendelea kulika ndani.

Geti la bawaba lina dalili yake: kuburuza chini. Wengi hukata ukingo wa chini ili lipite. Tatizo mara nyingi liko kwenye bawaba ya juu iliyochakaa au nguzo iliyoanza kuinama, nalo litaendelea kukua hata ukingo ukikatwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Geti la umeme lina hatari nyingine. Mwaka 2010, nchini Uingereza, watoto wawili walikufa katika muda wa wiki moja kwa kubanwa na mageti ya umeme katika sehemu mbili tofauti. Jicho la umeme linalopaswa kulisimamisha geti lijaribiwe kila mwezi kwa boksi tupu, kamwe si kwa mwili wa mtu. Kila mkazi wa nyumba ajue namna ya kulifungua kwa mkono umeme unapokatika. Kwa wenye banda la gari lenye mlango unaopanda juu, springi zake zimebana nguvu nyingi. Zisifunguliwe na mtu asiye fundi.

Jambo la mwisho ni la wahusika. Katika nyumba za kupanga, mpangaji husema geti ni la mwenye nyumba, na mwenye nyumba huishi mbali asilisikie likilia. Ni vema wakubaliane tangu mwanzo nani atakagua na nani atalipa. Mpangaji akiona hasara, atoe taarifa kwa maandishi, na likiwa hatari, likae bila kutumika. Watoto wakatazwe kuliparamia au kuliendesha kama gari.

Ajali ikitokea, watu wazima kadhaa waliinue geti kwa pamoja bila kumvuta aliyelaliwa, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu 114.

Stopa mbili za chuma ni kazi ndogo kwa fundi wa kuchomelea. Mkazi atakayerudi nyumbani leo aanzie hapo: aende mwisho wa reli, atazame kama zipo.