Hilo Swali Kaulize Bungeni

*Mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa chama, Mkula, wilayani Busega, mwanzoni mwa Oktoba 2024. Wengi waliniomba maandishi, nayaweka hapa karibu kama nilivyoyasema.*



   Najua wengine mmeacha shamba, wengine mmeacha pikipiki kijiweni na leo hesabu ya bosi haijatimia. Kwa hiyo sitawapotezea muda.

Nimepewa mada ya maswali ya Bungeni kuhusu usawa, afya na fedha za halmashauri. Nilipoipata nikajiuliza: jamani, tunazungumzia maswali ya Bunge wakati Bungeni tumebaki wa kuhesabika? Kamanda mmoja aliniambia pale getini, "Kaka, hiyo mada ungewapelekea CCM, ndio wenye wabunge." Tukacheka. Lakini si jambo dogo, na nataka nilijibu leo.

Naanza na nyumbani.

Kijijini kwetu kuna boma la zahanati. Nikiwa darasa la tano tulikuwa tunabeba maji na mchanga Jumamosi, kila mtoto ndoo yake. Wazazi walichanga hela, wasio na hela walifyatua tofali. Tukafika kwenye lenta. Tukaambiwa, "Wananchi mmemaliza kazi yenu, sasa Serikali inapaua." Mimi leo nina miaka 29. Lile boma halina bati hata moja. Mti umeota ndani, tena umeshatoka juu ya ukuta.

Mwaka jana dada yangu alishikwa uchungu saa tano usiku. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia, mpaka kituo kilichopo mbali. Tulipofika tukapewa orodha: glovu, pamba, wembe, mpira wa kulalia. Nikazunguka usiku ule kugonga duka la dawa la mtu. Mtoto alizaliwa salama, tunamshukuru Mungu. Lakini Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma ya mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Na mpango uliotoka na sera ile uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata.

Basi mkutano wa kijiji ulipoitwa, nikanyoosha mkono. Nikauliza boma letu litapauliwa lini, na kwa nini dada yangu alinunua glovu. Mmoja wa viongozi akatabasamu, akaniambia, "Kijana, hilo swali kaulize Bungeni." Watu wakacheka. Nikakaa chini.

Sasa mimi nikakasirika vizuri. Nikaingia kwenye tovuti ya Bunge, kule wanakoweka Hansard, yaani taarifa rasmi ya kila neno linalosemwa ukumbini. Bando langu liliisha mara mbili. Nikasoma maswali ya maboma ya zahanati. Jamani, yako mengi! Wabunge wa kila mkoa wanauliza yale yale: je, ni lini Serikali itamalizia maboma yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi? Na majibu yanafanana kama mapacha. Serikali inatambua juhudi za wananchi. Serikali itaendelea kutenga fedha kadri zinavyopatikana. Halafu mwishoni, halmashauri inaelekezwa kutenga fedha kwenye mapato yake ya ndani.

Mmeona mchezo? Kijiji kinasema kaulize Bungeni. Bungeni wanasema halmashauri itenge. Ukienda halmashauri wanasema tunasubiri fedha kutoka Serikali Kuu. Swali linazunguka kama ng'ombe wa kupura mpunga, na kila linakopita halimkuti mwenye nyumba.

Ndiyo maana nasema hoja ya "hatuna wabunge" ni nusu ya ukweli. Mwaka 2010, katika eneo hili ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu, chama chetu kilichukua Maswa Mashariki, Maswa Magharibi na Meatu. Bariadi Mashariki alikuwepo mzee John Cheyo wa UDP, ambaye pia aliongoza Kamati ya Hesabu za Serikali. Wasukuma wa pamba na dengu waliwaweka wapinzani wanne Bungeni. Kwa hiyo inawezekana, na itawezekana tena. Lakini swali la mbunge likijibiwa Dodoma, na huku chini hakuna anayelishika lile jibu na kulifuatilia, linabaki karatasi. Jibu la Waziri ni ahadi iliyotolewa mbele ya taifa. Halina chama. Hata kama aliyeuliza ni mbunge wa CCM, jibu ni letu sote.

Katiba, ibara ya 63, inalipa Bunge mamlaka ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote la umma lililo kwenye wajibu wake. Kanuni zinampa muulizaji swali la msingi na maswali mawili ya nyongeza. Maswali matatu tu. Ukiyapoteza, umepoteza. Na yanapotezwa kweli! Sikilizeni swali la aina hii: "Je, Serikali haioni umuhimu wa kutuletea zahanati?" Waziri anasimama, "Serikali inaona umuhimu," anakaa. Amejibu! Utamfanya nini? Umemuuliza kama ana macho, amekwambia anayo.

Swali lenye meno lina vitu vinne: mahali, kiasi, tarehe na akaunti. Mwaka huu wa fedha zimetengwa shilingi ngapi kwa boma la kijiji fulani? Zimeingia tarehe ngapi? Ziko akaunti gani? Kwenye majibu mengi ya Serikali utakuta shilingi milioni 50 ndizo zinazotajwa kumalizia boma moja la zahanati. Basi shika hiyo namba. Uliza hapa kwetu hiyo 50 ipo au haipo. Mtu hawezi kujibu "tunaona umuhimu". Atasema ipo au haipo. Akisema haipo, hapo ndipo siasa inapoanza.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo usawa unapopimika.

Kuna sheria, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A. Kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani yanatoka wapi? Chukueni pamba. Tuseme tani moja imeuzwa kwa shilingi 1,000 kila kilo. Hiyo ni shilingi milioni moja. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3, kwa hiyo halmashauri inapata 30,000. Mnunuzi ndiye anayelipa, lakini jasho ni la mama yako. Asilimia 10 ya hiyo ni 3,000. Shilingi 1,200 ya kikundi cha akina mama, 1,200 ya vijana, 600 ya wenye ulemavu. Kila tani ya pamba inayotoka hapa ina haki yenu ndani yake. Usije ukaambiwa umepewa msaada.

Aprili 2023 Waziri Mkuu alitangaza Bungeni kuisitisha mikopo hii ili utaratibu urekebishwe. Tuseme ukweli, matatizo yalikuwepo: CAG alishaeleza habari za mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa. Mwaka huu Serikali imesema mikopo inarudi, na halmashauri 10 zinafanya majaribio ya kupitisha mikopo benki. Jirani zetu wa Itilima wamo. Sawa. Lakini sheria haikufutwa kipindi kile. Asilimia 10 iliendelea kuwa deni la halmashauri. Kwa hiyo swali letu ni jepesi: kwa kipindi chote cha kusitishwa, Busega ilitenga kiasi gani, na kipo wapi? Jumla ya nchi nzima Waziri ataitaja Dodoma. Sisi tunataka ya Nyashimo.

Na afya vilevile. Siku hizi fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo. Kuna kamati ya usimamizi ya kituo, na ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Nani hapa anamjua mwakilishi wake? Mikono! Naona miwili. Kwenye ukumbi mzima! Glovu za dada yangu zilipaswa kuulizwa pale. Nami sikujua, ndiyo maana nilizunguka usiku kutafuta duka.

Najua mtaniambia: kamanda, kuuliza kunaogopesha siku hizi. Ni kweli. Mwezi uliopita tumemzika mzee wetu Ali Kibao, aliyeshushwa kwenye basi na watu wenye silaha, akapatikana amekufa. Sitamwambia mtu yeyote hapa asiogope, mimi mwenyewe naogopa. Ninachosema ni kwamba usiulize peke yako. Mkiwa kumi mmeandika swali moja, kila mmoja ametia saini, likasomwa mkutanoni na mama mtu mzima mwenye heshima zake, hilo si swali la mkorofi fulani. Ni swali la kijiji.

Na sheria ziko upande wetu. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Baraza la Madiwani linakaa hadharani, ruksa kwenda kukaa nyuma mkasikiliza. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa ofisa siku 30 kukujibu maombi yako ya maandishi. Hata akikunyima, akunyime kwa maandishi. Karatasi ya kunyimwa nayo ni jibu.

Kazi ni hii, makamanda. Kabla ya mwezi kuisha kila tawi liandike maswali matatu: la boma au kituo, la asilimia 10, na la kamati ya afya. Mahali, kiasi, tarehe, akaunti. Nakala moja kwa mtendaji, mkagongewe muhuri wa kupokelewa. Nakala moja kwa diwani. Nakala moja kwa mbunge, hata kama hatukumpigia kura, kwa sababu mshahara wake tunaulipa.

La mwisho. Tarehe 11 hadi 20 mwezi huu ni kujiandikisha kwenye daftari la wakazi, na Novemba 27 tunapiga kura za vijiji na vitongoji. Msichanganye na daftari la Tume, hili ni lingine. Mwaka 2019 wagombea wetu wengi walienguliwa, chama kikajitoa, na matokeo yake ndiyo yule aliyekaa mbele akaniambia kaulize Bungeni. Kwenye halmashauri ya kijiji sheria inataka robo ya wajumbe, kwa uchache, wawe wanawake. Dada zangu, chukueni fomu. Si kwa kujaza idadi. Wewe uliyejifungua baada ya safari ya bodaboda usiku, hilo swali unalijua kuliko mimi.

Mimi nimechukua uamuzi wangu. Nagombea kule kwetu. Nikishinda, mtu wa kwanza atakayenyoosha mkono kuuliza habari ya boma, nitamsomea hesabu palepale mkutanoni. Nisipofanya hivyo, mnikumbushe haya maandishi.

Peoplesss!